Mgongo wa Bwana Harusi

Pale karakana walikwisha kukubaliana kwamba mgongo wa Bwana Harusi umeharibiwa na ndoa. Kila asubuhi kijana huyo alipoingia amejishika kiuno, anatembea kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni na hataki imwagike, maseremala wote waliacha kazi wakamtazama. Fundi mzee aliyemfundisha kushika randa, na ambaye kwa hiyo alijiona ana haki ya kumsema, ndiye aliyefungua dimba.

"Shikamoo, fundi," alisema Bwana Harusi.

"Shikamoo gani hiyo ya kuinama? Simama wima kwanza ndipo niipokee."

"Mwacheni jamani," alidakia aliyekuwa anapiga msasa. "Ndiyo kwanza miezi minne. Yule binti akiendelea hivi atatumalizia fundi, na milango ya watu haijaisha."

Walicheka, na Bwana Harusi akacheka nao. Jina lenyewe la Bwana Harusi lilianza kwa utani siku aliporudi kazini baada ya harusi, likamganda. Angeweza kuwaambia ukweli, nao haukuwa mrefu. Maumivu yalikuwa yanamwamsha alfajiri kabla jogoo hajawika, mgongo umekauka kama ubao, na hakuna namna ya kulala iliyomfaa mpaka ainuke azunguke chumbani. Asubuhi yote anakuwa hivyo hivyo. Ajabu ni kwamba akishapiga randa milango miwili, mwili unalegea, na mchana anakuwa karibu mzima.

Hakuwaambia. Fundi kijana mwenye mgongo mbovu ni mgonjwa, na mgonjwa karakana haina kazi naye. Fundi kijana mwenye mgongo mbovu kwa sababu ya mke ni shujaa. Alipenda kuwa shujaa. Tuseme wazi, alipenda sana.

Nyumbani waliishi watatu: yeye, mke wake na mama yake mjane. Kilichotenganisha chumba cha maharusi na cha mama kilikuwa ukuta wa plaiwudi ambao Bwana Harusi aliupiga misumari mwenyewe wiki moja kabla ya harusi, kwa haraka, na kitanda chao alikitengeneza kwa mabaki ya mbao za karakana. Kwa fundi wa milango na vitanda, ilikuwa kazi ya aibu. Kitanda kilikuwa kinalia mtu akivuta pumzi tu.

Basi Mama alisikia. Si kwamba alitega sikio; plaiwudi haimlazimishi mtu kutega. Alfajiri kitanda kinalia. Kimya kidogo, halafu sauti ya mkwe wake ikisema, "Pole, pole, taratibu." Hatua za miguu. Kitanda kinalia tena. Asubuhi mwanawe anatoka chumbani amejikunja, na Bi Harusi anatoka amenyooka, anachukua ndoo, anakwenda bombani huku akiimba chinichini. Huo wimbo ndio uliomaliza shauri. Mama alikuwa anauza nguo za mitumba na alijisifu kwamba hawezi kuuziwa shati lenye tundu. Alijua kusoma dalili.

Alimtolea mkwe wake uvivu mbele ya wapangaji wenzao, pale wanapofulia.

"Mwanangu," alisema, akikamua shuka, "mume si mashine ya kusaga. Na hata mashine ya kusaga huzimwa ikapoa."

Mwanamke wa chumba cha nje alikohoa ili asicheke, kisha akacheka. Bi Harusi alibaki ameshika shati la mumewe ndani ya povu, masikio yamemwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke. Kwa jinsi alivyolelewa, mama mkwe hajibiwi mbele za watu, na jambo lile halijibiki hata faraghani. Ukweli ni kwamba kwa majuma mengi hapakuwa na chochote kwenye kitanda kile isipokuwa maumivu.

Jioni alimwambia mumewe, "Mwambie mama yako."

"Nimwambie nini? Mambo ya chumbani nitamwambiaje mama?"

"Mwambie hakuna mambo. Mwambie unatembea."

"Nitamwambia."

Hakumwambia.

Siku Bwana Harusi aliposhindwa kuinama kuvaa viatu, Mama aliichukua kesi mikononi mwake. Alikuwa na sababu ya kujiamini. Marehemu mumewe aliugua mgongo miaka na miaka, na ni yeye aliyemuuguza, akamlisha, akamgeuza, mpaka siku ya kumzika. "Mgongo naujua mimi," alisema. "Hawa wengine wanausikia tu. Mgongo dawa yake ni kulala."

Alikwenda karakana mwenyewe kumwombea ruhusa mwanawe. Mwenye karakana alitoa wiki mbili zisizo na malipo, na fundi mzee wa randa, kwa mara ya kwanza, hakuwa na utani. Kisha Mama alimhamisha mgonjwa chumbani kwake, akamlaza juu ya mbao tupu zilizotandikwa blanketi moja, chali, mto marufuku. Asiinue hata kikombe. Alimnywesha uji kwa kijiko. Alimkanda, akamwombea, akakaa naye. Mapenzi yale hayakuwa na kasoro hata moja, ila tu kwamba yalikuwa yanamuumiza. Bi Harusi alipewa kazi ya kufua na kupika, na sahani aliiacha mlangoni.

Siku ya tatu mgonjwa hakuweza kujigeuza bila kusaidiwa. Ya tano alilia. Mama alitikisa kichwa, akasema, "Mnaona alivyokuwa ameharibiwa?"

"Mama," Bi Harusi alisema kutoka mlangoni, "alipokuwa anakwenda kazini, mchana alikuwa anapata nafuu. Labda tumwache atembee kidogo."

"Atembee aje kwako?"

Mle ndani, juu ya mbao, mwanamume aliyekuwa anajua kila kitu alitazama dari. Alikuwa macho.

Siku ileile Mama alituma ujumbe kwa mjomba wa Bi Harusi, aliyemlea, aje Jumamosi amchukue binti yake "mpaka mgonjwa apone." Kila mtu mwenye akili timamu anajua maana ya maneno hayo. Mwanamke anayerudishwa miezi minne baada ya harusi, kwa sababu ile aliyorudishiwa, hawezi kupita sokoni pasipo mtu kuziba mdomo akicheka. Bi Harusi hakulia. Alianza kukunja nguo zake moja moja na kuzitia kwenye begi.

Asubuhi ya Jumamosi yenyewe jicho la kulia la Bwana Harusi liliamka jekundu kama pilipili. Mwanga wa mlangoni ulimchoma, machozi yakawa yanashuka yenyewe, na alipoliziba jicho la kushoto, aliona ukungu mtupu.

"Vumbi la mbao," alisema Mama.

"Mbao zipi, Mama?" aliuliza Bi Harusi. "Hajakanyaga karakana zaidi ya wiki."

Kwa mgongo Mama alikuwa bingwa, jicho hakulisomea. Mgonjwa mwenyewe alipoanza kulalamika kwa sauti kwamba anapofuka, wakamwinua, kila mmoja upande wake, mama na mkwe, wasiosemezana, wakamburuza mpaka hospitali.

Walikaa kwenye benchi la bati mpaka makalio yakafa ganzi. Daktari wa macho, mwanamke kijana, alimwekea mgonjwa kidevu kwenye mashine, akalichungulia jicho kwa taa nyembamba.

"Hakuna vumbi," alisema. "Jicho limevimba kwa ndani." Akaizima taa. "Hebu niambie, kaka, mgongo wako ukoje asubuhi?"

Wote watatu walishangaa kama vile wamefunuliwa na mtabiri. Daktari hakungoja jibu refu. Alimwandikia matone, akawaonyesha mlango wa pili kutoka mwisho wa ukumbi. "Mwoneni daktari wa viungo leoleo. Msiondoke."

Daktari wa viungo alikuwa mwanamume mfupi, mwenye sauti ndogo, ambaye hakuonekana kuwa na haraka wala huruma. Alimvua Bwana Harusi shati. Akamwambia ainame aguse vidole vya miguu, na vidole vya mikono vikaishia magotini. Akamwambia asimame aegemee ukuta, kisogo kikakataa kuugusa. Bwana Harusi alikuwa amesimama pale kifua wazi, mbele ya mama yake na mke wake, jicho moja limefunikwa pamba, akiona aibu kuliko maumivu.

"Usiku analalaje?" daktari aliuliza.

"Hapumzishwi," alijibu Mama.

"Anatembea," alijibu Bi Harusi, wakati uleule.

Daktari aliinua macho, akamtazama wa pili. "Anatembea?"

"Alfajiri hawezi kulala. Anaamka, anazunguka chumba, anashika ukuta. Akipata nafuu anarudi. Akirudi, kitanda kinalia."

"Ni kweli?" daktari alimwuliza mgonjwa.

Bwana Harusi alimtazama mama yake, akamtazama mke wake, akainamisha kichwa.

"Ni kweli," alisema Bwana Harusi.

Mama aligeuka akamtazama mwanawe. Mkoba uliokuwa mapajani ulimteleza ukaanguka sakafuni, na hakuuokota.

"Sikilizeni basi," alisema daktari. "Mgongo uliochoka kwa kazi hupona kwa kupumzishwa. Huu haujachoka. Huu unawaka. Sisi tunaita mchochota. Ukijikata kidole kikavimba, kikawa chekundu, kikapata joto, huo ni mwili unajitetea, na ni jambo jema. Sasa mwili wa huyu umewasha moto mahali pasipo na jeraha wala kidudu. Umewaka kwenye maungio ya nyonga na mgongo, mahali usipouona kwa macho. Leo umewaka ndani ya jicho, ndiyo maana mmekuja. Ni ugonjwa mmoja."

"Umesababishwa na nini?" aliuliza Mama. Alimaanisha na nani.

"Hakuna aliyeusababisha. Si kazi, si kitanda, si mke." Daktari alitaja vyote vitatu kwa sauti ileile, akiandika, pengine alikuwa amekwisha kuvisikia mara nyingi. "Akilala sana, anakakamaa zaidi. Na moto huu ukiachwa miaka, mwili unajaribu kupaziba palipoungua kwa kuotesha mfupa. Pingili za mgongo zinashikana. Zikishikana mtu ameinama, anabaki ameinama. Kuna mwingine kwenye ukoo aliyekuwa hivi?"

"Baba yake aliumizwa na mizigo," Mama alisema upesi.

"Aliinama?"

"Mwishoni alikuwa anaangalia miguu yake tu. Hakuweza kuinua kichwa."

"Macho yalikuwa yanamuuma?"

Mama alifikiri. "Yalikuwa mekundu mara kwa mara. Tulisema ni moshi wa kuni."

"Na akitembea alikuwa anapata nafuu?"

"Nitajuaje?" alisema Mama. "Sikuwa namruhusu kuamka."

Aliposema hivyo alijisikia mwenyewe. Bi Harusi alimwona akishika ukingo wa meza ya daktari kwa mikono miwili. Mama aliomba maji, yakaletwa, hakuyanywa. Alimwuliza daktari kama angemwacha yule marehemu atembee ingekuwaje, na daktari, ambaye hakuwa mtu wa kutia sukari maneno, alisema kwamba dawa za wakati ule hazikuwa kama za sasa, kwamba hakumwona mgonjwa, na kwamba hawezi kujua. Kisha akaandika dawa ya kushusha mchochota, inywewe na chakula; kipimo cha damu na picha ya nyonga; mazoezi ya kila siku. Ugonjwa huu hautapona ukaisha, alisema, ila unaweza kuzuiwa. Usiku alale kama watu wengine. Asubuhi anyanyuke atembee, hata akilia.

Mjomba alikuwa amekwisha kufika waliporudi. Alikuwa dereva wa lori, amevaa shati lililopigwa pasi na uso wa kwenda vitani, amekaa kwenye kiti cha sebuleni akiwa hajaegemea. Mama alimsalimu, akakaa, akarekebisha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimekaa vibaya.

"Shauri limekwisha," alisema. "Tumetoka hospitali. Ni ugonjwa. Hata baba yake alikuwa nao. Samahani kwa usumbufu. Tunywe chai."

Mjomba alishusha pumzi. Hakuna mwanamume anayependa kesi za namna ile, na chai ilikuwa ya moto. Alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kwenye kikombe Bi Harusi alipotoka chumbani na begi lake.

"Mjomba, twende."

"Si limekwisha?"

"La mama limekwisha. Langu bado." Alisimama katikati ya sebule. "Mama, mimi nilisema, hukuamini. Daktari amesema, umeamini. Sawa. Wewe ulisikia kitanda tu, ukakisia." Akamgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama ameshika mlango. "Wewe ulikuwa juu ya kitanda."

Bwana Harusi alifungua mdomo.

"Ulikuwa unajua. Mama aliponiambia vile siku nimesimama mlangoni, ulikuwa unasikia. Mafundi wenzako wananicheka nikipita, na wewe unacheka nao."

"Niliogopa kufukuzwa kazi," alisema.

"Ungeniambia. Tungekubaliana wanicheke, ningevumilia. Hukuniuliza."

Hakuna aliyemzuia. Mjomba alikunywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja kwa sababu kuiacha kungekuwa matusi, akaungua ulimi, akabeba begi.

Asubuhi iliyofuata Mama aliamka kabla ya mwanawe. Alimkuta kwenye kitanda kile chenye kelele, amejikunja, amekauka.

"Amka."

"Dakika moja, Mama. Bado."

Mikono ya Mama ilitaka kumfunika. Ndiyo kazi iliyozoea kufanya. Ilimfunika mwanamume mwingine miaka mingi, kwa upendo, na hilo la kwa upendo ndilo lililokuwa linamkata maini. Alilishika blanketi, akalivuta mpaka likaanguka chini. Mwanawe alilia kwa uchungu. Alimkamata kwapani, akamsimamisha, akamtoa nje, wakazunguka ua mara nyingi, taratibu, mwanamke wa chumba cha nje akiwatazama mlangoni na mswaki mdomoni. Alipofungua mdomo kusema kitu, Mama alimkata jicho, akaufunga.

Walifanya hivyo kila siku. Dawa ilimkwaruza tumbo lakini ilifanya kazi. Jicho lilipungua wekundu kidogo kidogo mpaka likatulia, na asubuhi moja Bwana Harusi alivaa viatu mwenyewe. Alirudi karakana. Fundi mzee alimwuliza hali, na yeye akasema ni ugonjwa wa kuwaka kwa maungio, wa kurithi, mke wake hahusiki. Alilisema akitazama patasi, kwa haraka, kwa sauti ya chini. Msumeno wa umeme ulikuwa unanguruma. Fundi mzee alisema, "Eti?" na Bwana Harusi akasema, "Basi tu."

Jioni hiyo Mama alimwuliza, "Kwa wakwe zako ni mbali?"

"Unapita kiwanda cha matofali, halafu kuna mlima."

"Daktari si alisema utembee? Tembea."

"Twende wote, Mama."

"Yangu nitayapeleka siku nyingine, kwa miguu yangu. Ya kwako kwanza."

Aliondoka kulipopambazuka, mgongo ukiwa bado mgumu, na mlima ulimkuta hivyo. Alipofika, Bi Harusi alikuwa uani anaanika nguo. Hakutabasamu wala hakukunja uso. Alimvutia kigoda, kama anavyovutiwa mgeni yeyote.

"Sikai," alisema Bwana Harusi. "Nikikaa nitakakamaa, na nimekuja kusema."

"Sema."

"Nilijua. Kila siku nilijua ni mgongo. Mama alipokusema nilisikia, nikanyamaza. Kazini waliposema ni wewe, nilicheka, kwa sababu nilitaka kuonekana mwanamume, nisionekane mgonjwa. Nikakuacha ubebe wewe. Nisamehe."

Bi Harusi alikibana kibanio cha mwisho kwenye kamba. Machozi yalikuwa yamemjaa, na hakuyafuta. Ndani ya nyumba redio ya mjomba ilikuwa inasoma taarifa ya habari, na jikoni shangazi alikuwa anagonga sufuria.

"Hao walio ndani," alisema, "ndio walioniuliza nimemfanya nini mume wangu. Nao wa nyumba ya pili, na wa ile pale. Mimi nilijua hata kabla hujaja. Rudia, wasikie."

Bwana Harusi alitazama madirisha. Alivuta pumzi, akanyooka mpaka pale mgongo ulipomruhusu.

"Nilijua," alianza upya, kwa sauti kubwa, na ndani mtu akaizima redio.